Ali na Tyson, Louis na Usyk: jinsi ya kubishana kuhusu mabingwa wasiowahi kukutana

Tuseme pambano la ngumi la Kinshasa, la George Foreman na Muhammad Ali, halikufanyika. Ilibaki kidogo iwe hivyo. Septemba 1974, siku chache kabla ya tarehe iliyopangwa, George Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Tuseme kidonda kiligoma kupona, Mobutu, rais wa Zaire, akachoka kungoja, na Foreman na Muhammad Ali wakazeeka bila kukutana. Leo mtu angeuliza kijiweni nani angeshinda, na wala pasingekuwa na ubishi.

Joe Frazier alimwangusha Ali raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi Machi 1971. Ken Norton alimvunja taya na kumshinda Machi 1973. Ali alikuja kulipiza kwa wote wawili, lakini kwa pointi na kwa taabu. Foreman je, aliwapitiaje watu haohao? Frazier alikwenda chini mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Januari 1973. Norton naye hakuiona raundi ya tatu, Caracas, Machi 1974. Foreman alikuwa amecheza mapambano 40 na kushinda yote, 37 kwa KO, yaani kwa kumlaza au kumsimamisha mpinzani kabla ya raundi kwisha, akiwa na miaka 25. Ali alikuwa na 32. Ambaye angesema Ali atamlaza mtu huyu raundi ya nane angeambiwa anaongea mapenzi, haongei ngumi.

Pambano likapigwa, alfajiri, na Ali akaegemea kamba, akamwachia Foreman mikono na mbavu azipige mpaka achoke, kisha raundi ya nane akamlaza.

Hoja iliyokufa Kinshasa ndiyo tunayoitumia zaidi tunapopambanisha mabingwa wa vizazi tofauti: huyu kampiga yule, yule kampiga fulani, basi huyu angempiga fulani. Kwenye riadha hoja hiyo ina nguvu kwa sababu saa ni ileile kwa wote. Kwenye ngumi kila mtu ni tatizo la namna yake. Frazier aliinama na kuingia moja kwa moja kifuani kwa mpinzani. Kwa Ali, ambaye silaha yake kuu ilikuwa jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele inayotangulia nyingine zote, mtu anayepita chini yake na kurudi na ngumi ya kushoto ya kuzungusha alikuwa balaa. Kwa Foreman, mtu anayeinama na kumfuata mwenyewe alikuwa zawadi: alimsukuma kwa mikono kupima umbali, kisha akampandishia ngumi za kidevuni. Ali naye hakumfuata Foreman. Alimvuta shingo, alimpiga mkono wa kulia bila kutanguliza jebu, na alimpa shabaha iliyokuwa ikirudi nyuma kila mara. Watatu hawa wamekaa katika duara, na duara halina wa kwanza.

Mtu yuleyule, watu tofauti

Ukisikia mtu anasema "Ali angemla Tyson", muulize kwanza: Ali yupi? Ali wa Novemba 1966, aliyemmaliza Cleveland Williams mjini Houston kwa raundi tatu huku miguu ikienda kama haigusi turubai, si Ali wa Kinshasa. Katikati pana miaka mitatu na nusu aliyozuiwa kupigana kwa kukataa kwenda jeshini, tangu alipompiga Zora Folley Machi 1967 hadi aliporudi dhidi ya Jerry Quarry Oktoba 1970. Aliondoka ana miaka 25, akarudi ana 28. Kwa bondia wa uzito wa juu hiyo ndiyo miaka ya kuvuna, na hatukuiona. Aliporudi, miguu ilikuwa imepungua, na hapo ndipo tulipogundua jinsi anavyoweza kustahimili kipigo, jambo ambalo Ali wa 1966 hakulazimika kutuonyesha. Watu wengi huwaunganisha hawa wawili: miguu ya 1966 na kifua cha 1974. Mtu huyo hakuwahi kupanda ulingoni.

Kosa hilohilo huharibu ushahidi tunaoutegemea sana, yaani mapambano yaliyokutanisha vizazi kweli. Rocky Marciano alimtoa Joe Louis nje ya kamba raundi ya nane, Oktoba 1951. Louis alikuwa na miaka 37 na alikuwa amerudi ulingoni akiwa na deni la kodi. Larry Holmes alimpiga Ali Oktoba 1980, na waliokuwapo walitamani pambano lisimamishwe mapema zaidi. Mike Tyson alimlaza Holmes raundi ya nne, Januari 1988. Ukiunga mnyororo huo utasema Tyson ni mkubwa kuliko Holmes na Holmes ni mkubwa kuliko Ali. Kilichopimwa hapo ni uzee tu.

Lakini mapambano ya namna hii, yanayounganisha vizazi kama madaraja, si ya kutupwa yote. Lililo bora zaidi ni Foreman mwenyewe. Mtu aliyemwangusha Frazier mwaka 1973 alikwenda raundi zote 12 na Evander Holyfield mwaka 1991, akiwa na miaka 42, mnene na mzito wa miguu, na akamtikisa mara kadhaa. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 na kuchukua ubingwa. Holyfield huyohuyo alimsimamisha Tyson mwaka 1996 na akapigana na Lennox Lewis mara mbili mwaka 1999; Lewis akamshinda Vitali Klitschko kwa majeraha ya uso mwaka 2003; mdogo wake Vitali, Wladimir, akapigwa na Tyson Fury mwaka 2015 na Anthony Joshua mwaka 2017; na Oleksandr Usyk akawashinda Joshua na Fury, kila mmoja mara mbili. Mnyororo huo hauthibitishi kwamba Foreman wa 1973 angempiga Usyk. Unachothibitisha ni kidogo, ila kina uzito: mabondia wa miaka ya 70 hawakuwa viumbe wa zama za mawe. Foreman mzee, akiwa amepoteza kasi yote, alitosha kuwasumbua mabingwa wa kizazi cha pili.

Raundi ya 13

Wapo wanaodhani sheria ni jambo la makaratasi. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu sheria zimeamua nani tunamwita mkubwa.

Juni 18, 1941, uwanja wa Polo Grounds, New York. Louis anautetea ubingwa dhidi ya Billy Conn, kijana aliyetoka uzito mwepesi zaidi, mwenye miguu na ulimi. Baada ya raundi 12, kadi mbili za waamuzi wa pointi zinampa Conn uongozi, ya tatu ni sare. Conn, badala ya kucheza kwa akili, anataka kumlaza Louis. Raundi ya 13, zikiwa zimebaki sekunde mbili tu kengele igongwe, analazwa yeye.

Septemba 23, 1952, Philadelphia. Marciano ameangushwa raundi ya kwanza na Jersey Joe Walcott, na baada ya raundi 12 yuko nyuma kwenye kadi zote tatu. Raundi ya 13 anafyatua mkono wa kulia, Walcott anashikwa na kamba, na pambano linaisha.

Sasa yahamishie mapambano hayo mawili kwenye sheria za leo, raundi 12. Conn ni bingwa wa dunia. Walcott anabaki na mkanda wake. Louis hana tena miaka 12 mfululizo ya ubingwa, wala Marciano hana ile 49 bila kupoteza ambayo mashabiki wake huitoa mfukoni kila ubishi unapowashinda. Mtu akiniambia Marciano hakuwahi kupigwa, namjibu kwamba ni kweli, na kwamba ukweli huo unakaa ndani ya raundi moja ambayo leo haipo.

Raundi 15 zilifutwa baada ya kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyesimamishwa na Ray Mancini raundi ya 14, Novemba 1982, akafariki siku chache baadaye. WBC, mojawapo ya mabaraza yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, lilikuwa la kwanza kushuka hadi 12, na mengine yakafuata katika miaka hiyo ya 80. Ukirudi nyuma zaidi, hesabu inakuwa ya kutisha: Jack Johnson alipopoteza ubingwa kwa Jess Willard, Havana, Aprili 1915, pambano lilikuwa limepangwa raundi 45 na likaishia ya 26. Mtu anayejiandaa kwa raundi 45 chini ya jua la Cuba hapigi ngumi nyingi. Anashika, anasukuma, anapumzika. Ukitazama filamu zake ukamwona mvivu, kumbuka alikuwa anaweka akiba ya saa nzima iliyo mbele yake. Kamera za enzi hizo nazo zilizungushwa kwa mkono, na zikionyeshwa kwa kasi isiyo yake wanaume hao wanaonekana kama vikaragosi. Watu huwadharau kwa sababu ya mashine.

Halafu kuna kona. Jack Dempsey alipompiga Willard, Toledo, Julai 4, 1919, alimwangusha mara saba raundi ya kwanza, na kila Willard alipojaribu kuinuka alimkuta Dempsey amesimama juu yake, ngumi iko tayari. Haikukatazwa. Miaka minane baadaye, Chicago, Dempsey alimwangusha Gene Tunney raundi ya saba, lakini safari hii sheria ilimtaka aende kona isiyo ya bondia yeyote kabla mwamuzi hajaanza kuhesabu. Alichelewa. Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka kwenye hesabu ya tisa, akashinda kwa pointi. Dempsey yule wa 1919 ni nusu mtu na nusu sheria. Ukimleta leo, mwamuzi anamwondolea nusu moja kabla kengele haijalia. Ongeza glovu: za uzito wa juu leo ni wakia 10, zile zilikuwa nyepesi zaidi. Ongeza pia mwamuzi anayeruhusu kukumbatiana na asiyeruhusu. Kwa Wladimir Klitschko au Fury hiyo peke yake ni tofauti ya mkanda na kutoka mikono mitupu.

Kilo

Wapenzi wa mabondia wa leo wana turufu moja kubwa: ukubwa. Marciano alipigana na kilo 84 au 85. Leo mpaka wa uzito wa juu unaanzia karibu kilo 91, kwa hiyo bingwa asiyepigwa wa uzito wa juu asingehesabiwa hata kuwa wa uzito huo. Tyson alikuwa na urefu karibu sawa na wake, sentimita 178 hivi, lakini alipompiga Michael Spinks mwaka 1988 alibeba karibu kilo 99. Kilo 14 zote zilikuwa shingo, mapaja na mgongo.

Turufu hiyo inafanya kazi hadi mahali fulani. Mwaka 1935 Louis, akiwa na kilo 89 hivi, alimsimamisha Primo Carnera wa kilo 118 katika raundi sita. Mwaka 2009 David Haye, karibu kilo 99, alimshinda Nikolai Valuev mwenye zaidi ya kilo 140 na urefu wa zaidi ya mita mbili. Desemba 2024, mjini Riyadh, Usyk alipimwa karibu kilo 102 na Fury 127, na majaji wote watatu waliandika 116 kwa 112 kwa mdogo. Uzito wa ziada unalipiwa kwa pumzi, na baada ya kiwango fulani kilo zinaanza kumla mwenyewe.

Ila hapa nitawaudhi watu wa Marciano. Louis, Haye na Usyk ni warefu, wenye mikono mirefu na miguu ya kutoka na kuingia. Marciano alikuwa na upana wa mikono wa sentimita 173. Lennox Lewis alikuwa na 213. Kuziba pengo la sentimita 40 mbele ya mtu anayejua kutumia jebu, aliyekuzidi kilo 25, na ambaye ngumi yake moja ilitosha, ni kazi ambayo moyo hautoshi kuifanya. Namheshimu Marciano kama bondia aliyejenga kila alichokuwa nacho kutokana na kidogo alichopewa. Nikiambiwa nimpambanishe na watu wa kilo 90 wa zama yoyote, nitafikiria mara mbili kabla ya kuweka fedha dhidi yake. Dhidi ya Lewis sifikirii.

Kuna jambo ambalo watu wa zamani na wa leo hulikwepa kwa pamoja: nani aliruhusiwa kuingia. Dempsey alishika ubingwa miaka saba bila kumpa nafasi Harry Wills, mpinzani mweusi aliyestahili kuliko wote. Johnson, bingwa wa kwanza mweusi, naye hakumpa Sam Langford pambano la ubingwa. Baadaye mabondia wa Urusi na Ukraine walifungiwa na siasa za nchi zao, ngumi za kulipwa zikawa mwiko kwao hadi Umoja wa Kisovieti ulipokaribia kuvunjika. Wazazi wa kimichezo wa akina Klitschko na Usyk walikuwepo wakati wa Ali. Hatukuwaona tu wakipigania mkanda. Lakini upande wa pili, Louis aliutetea ubingwa mara saba katika miezi saba, kuanzia Desemba 1940 hadi usiku ule wa Conn. Bingwa wa leo akipigana mara mbili kwa mwaka anaonekana mchapakazi.

Kompyuta iliyoulizwa

Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Miami, Murray Woroner, aliamua kumaliza ubishi kwa kompyuta. Alikusanya maoni ya waandishi na wataalamu wa ngumi kuhusu kila bingwa, yakaingizwa kwenye mashine, na matokeo yakatangazwa redioni kama mapambano halisi. Fainali ilikuwa Marciano na Dempsey, Marciano akashinda. Ali alitolewa mapema na Jim Jeffries, yuleyule aliyetolewa kwenye ustaafu mwaka 1910 ili awarudishie weupe ubingwa, akapigwa na Johnson mjini Reno. Ali alikasirika akafungua kesi ya dola milioni moja kwa kuchafuliwa jina. Walimalizana, na sehemu ya makubaliano ilikuwa acheze filamu na Marciano.

Mwaka 1969 wawili hao wakaingia studio Miami. Marciano, akiwa na miaka 45, alijipunguza uzito sana na kuvaa nywele za bandia. Walipigana raundi fupi nyingi, wakarekodi miisho tofauti, na hakuna kati yao aliyejua upi utatumika. Marciano alikufa kwenye ajali ya ndege Agosti 31, 1969, wiki chache baada ya kazi hiyo. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, Wamarekani waliona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13 (tena hiyo 13). Ulaya ilionyeshwa filamu ambayo Ali anashinda kwa sababu ya majeraha ya Marciano. Ali alitania kwamba kompyuta ile ilitengenezwa Alabama.

Mashine ilirudisha ilichopewa: maoni ya watu wa 1967, wakati Ali alikuwa mtu asiyependwa na magazeti mengi ya kwao. Programu za leo na michezo ya video hufanya kazi ileile kwa namba nyingi zaidi. Kasi 95, ngumi 98: nani aliyempa hiyo 98, na kwa kumtazama akipigana na nani?

Sasa Ali na Tyson

Nikishaweka masharti, naweza kujibu. Ali wa 1966, Tyson wa 1988, raundi 12, sheria za leo.

Udhaifu wa Ali ulijulikana: ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Sonny Banks alimwangusha nayo mwaka 1962, Henry Cooper mwaka 1963, Frazier mwaka 1971. Mkono wake wa kulia ulikaa chini, na alikwepa kwa kuvuta kichwa nyuma. Tyson alikuwa na ngumi hiyo, tena kwa kasi kuliko wote watatu, na aliingia huku kichwa kikicheza kushoto na kulia jinsi Cus D'Amato alivyomfundisha. Raundi nne za kwanza ni za hatari kwelikweli. Anayesema Ali angemchezea tu hajawahi kuutazama usiku wa Cooper.

Lakini klipu za Tyson ni za dakika moja na nusu kwa sababu hizo ndizo zinazopendwa. James "Bonecrusher" Smith alimaliza naye raundi 12 mwaka 1987 kwa kumkumbatia. Tony Tucker alimaliza naye raundi 12 mwaka huohuo kwa jebu na kumkumbatia. Kisha Buster Douglas, Tokyo, Februari 1990, akaonyesha mtu mrefu mwenye jebu na asiye na hofu anavyoweza kumfanya Tyson: raundi ya 10, KO. Watasema Tyson wa Tokyo hakuwa Tyson wa 1988, na nusu ya hoja hiyo ni kweli. Hata hivyo Smith na Tucker walikutana na yule wa miaka ya moto, na yeye hakuwa na mpango wa pili. Ali alikuwa mrefu kama wao, mwepesi kuliko wote, na bingwa wa kushika shingo. Namwona Ali akianguka mara moja, na akishinda raundi ya 10 au 11.

Pambano ambalo mimi ningelipia kiingilio ni jingine: Joe Louis wa 1938 na Usyk wa 2018. Usiku Louis alipomsambaratisha Max Schmeling kwa sekunde 124 alikuwa na kilo 90. Usyk alipochukua mikanda yote minne ya uzito wa chini ya ule wa juu, mjini Moscow, mpaka ulikuwa kilo 90 na ushei. Suala la ukubwa linatoka nje kabisa, na mara chache ubishi huu hutupa bahati hiyo.

Usyk ni mashoto, na wakati wa Louis mashoto wa uzito huo walikuwa wa kuhesabu. Kwa hiyo sharti jingine: Louis apewe miezi sita ya mazoezi na mashoto, au atolewe 1938 moja kwa moja hadi ulingoni? Ukimtoa moja kwa moja, sahau. Nampa miezi sita. Tatizo lake jingine halitibiki haraka: baada ya jebu aliushusha mkono wa kushoto, ndiyo maana Schmeling alimlaza mwaka 1936, na Usyk hutafuta nafasi za namna hiyo kwa mkono wake wa nyuma usiku kucha. Miguu ya Conn ilimsumbua. Ya Usyk ni bora, na Usyk hana tamaa ya Conn. Kwa upande wa Louis, dawa ya mashoto tangu zamani ni mkono wa kulia ulionyooka, na sijui mtu wa uzito wa juu aliyekuwa na ulionyooka na mfupi kuliko wake. Alipiga mbavu pia, na Usyk hapendi kupigwa huko.

Raundi 12, glovu za leo: Usyk kwa pointi, saba kwa tano, na Louis akiwa anakaribia. Raundi 15, glovu nyepesi za 1938: Louis, raundi ya 14.